Kabla Ukungu Haujamfunika Akinyi

Wanangu, na wajukuu pia, maana wengine mmeshaanza kuniita bibi bila kuniomba ruhusa,

Jumamosi iliyopita, tulipomaliza darasa letu la picha pale maktaba, mmoja wenu alinionyesha simu yake. Alikuwa amempiga mama yake picha bustanini, kisha akaibonyezabonyeza mpaka mama akawa kama moshi, miti nyuma yake imeyeyuka, rangi yote imekuwa ya chai ya maziwa. Akaniuliza, "Bibi Tatu, hivi ndivyo mlivyokuwa mkifanya ninyi?" Nikamwambia ndiyo, inafanana sana. Nilitaka kuendelea nikashindwa, nikajifanya natafuta miwani. Basi nakaa sasa nimjibu vizuri, yeye na ninyi wenzake.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha picha kwa mtindo wa kizamani kuliko uzamani mnaoujua. Niliipata kwa kukosea mlango. Shoga yangu mmoja aliniambia kuna dobi kule Shaw, mtaa wa Washington, anatafuta mtu. Nilipofika nikaona dirishani kamba zimetandazwa, vitu vimebanwa kwa vibanio, maji yanachuruzika. Nikaingia. Kwa Kiingereza changu cha Morogoro nikasema najua kupiga pasi. Mzee mmoja mrefu, Mmarekani mweusi, aproni yake ina madoa ya kila rangi, akanitazama kwa upole. "Mama," akasema, "ukizipiga hizi pasi nitalia." Zilikuwa karatasi. Dobi alikuwa mlango wa pili. Lakini akaniuliza kama naweza kuosha trei bila kuzigonganisha, nikasema naweza, na ule mlango wa pili sikuufikia mpaka nimestaafu.

Huyo ndiye Mista Wendell. Maneno yake yote alikuwa akiyasema kwa Kiingereza, mimi nayageuza hapa.

Sasa kazi yenyewe. Unachukua gundi ya mgunga, ule utomvu unaotoka kwenye miti ya miiba kwetu, unauloweka, unautia rangi ya mchoraji na dawa moja ya rangi ya chungwa ambayo ni sumu, kwa hiyo vaa glavu, usinisikie nasema mara moja ukadhani natania. Unapaka mchanganyiko kwenye karatasi nzito kwa brashi pana, haraka, bila kurudi nyuma, kama unavyopaka mafuta chapati kwenye kikaango. Unaikausha gizani. Kisha unalaza juu yake negativu, ile filamu ambayo uso mweusi unatokea mweupe na anga jeupe linatokea jeusi, unaiweka juani. Palipopigwa na jua gundi inaganda. Palipofichwa, ukitia karatasi majini, gundi inaachia na kuondoka. Na hapo ukiwa na brashi laini mkononi unaweza kuyasaidia maji kuondoa usichokitaka: waya wa umeme, gari la jirani, mkunjo wa shingo.

Mwanzoni nilikuwa nikipaka gundi nzito kama uji wa mgonjwa. Siku moja nikaitia majini picha ya bibi harusi wa watu, nikaona yote inabanduka kwa pamoja, shela, maua na tabasamu, inazunguka kwenye trei, inaingia kwenye tundu la sinki. Nikabaki nimeshika karatasi nyeupe. Mista Wendell akaja akachungulia lile tundu.

"Amebadili mawazo," akasema. "Bora sasa kuliko kanisani."

Kitu kingine: joto la Washington lina unyevu, na gundi haipendi unyevu. Mista Wendell alikuwa na kipimo cha hewa ukutani, cha shaba, kizuri. Hatukukitumia. Nywele zangu nilikuwa nikizinyoosha siku hizo, na zikianza kujikunja kabla ya saa nne asubuhi, tulijua siku hiyo hakuna kupaka. "Tatu, nywele zinasemaje?" alikuwa akiniuliza nikivua koti.

Mtindo wetu ulitoka kwa wapiga picha wa zaidi ya karne moja nyuma. Watu wakati ule walisema kamera ni mashine tu, haina sanaa. Wao wakabisha. Wakatengeneza lenzi zenye ukungu, wengine wakapaka mafuta mazito kwenye kioo, wakaenda mabwawani na misituni na wake zao na dada zao, wakawavika nguo nyeupe zinazoburuta, wakawaambia wapinde shingo. Mwanamke kando ya maji. Mwanamke na mti wa maua. Mwanamke na mtungi. Ukizitazama unasikia kama mtu amekusemesha kwa sauti ya chini. Zilikuwa nzuri, sitawadanganya. Hata sasa nikiziona natulia.

Mista Wendell alizipenda kwa uchungu. Mama yake alifua nguo za watu hapo hapo Shaw, maisha yake yote, kabla nyumba zile hazijapakwa rangi za kijivu na kuwekewa vyungu vya maua mlangoni. Alinionyesha kitabu cha hizo picha za kale, akafunua ukurasa baada ya ukurasa. "Tafuta mmoja anayefanana na mama yangu," akaniambia. Hakukuwa na hata mmoja. "Ukungu wote huu mzuri," akasema, "na hakuna aliyefikiria kumpa yeye kidogo."

Kwa hiyo alichokuwa akifanya ni kutoa ule upole kwa wanawake wa rangi yetu. Naomba mlikumbuke hilo mnaposoma yanayofuata, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema kuliko wengi niliofanya nao kazi.

Akinyi nilikuwa nikikaa naye Bladensburg, nje kidogo ya Washington, nyumba moja ya kupanga, vyumba viwili, yeye na binti yake Achieng katika kimoja na mimi katika kingine. Alikuwa Mjaluo wa Kisumu, mrefu, mweusi wa kung'aa, anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Alikuwa mtu wa maneno. Akiosha vyombo anaongea, akipanda ngazi anaongea, akipiga mswaki anaongea. Nilikuwa nikimwambia, "Akinyi, pumua." Anasema, "Nitapumua nikikufa."

Siku moja alinipitia kazini ameshika mwavuli. Akasimama mlangoni, mwanga wa mvua nyuma yake. Mista Wendell akaacha alichokuwa akifanya.

"Tatu, huyu mzee wako ananiangalia aje?" Akinyi akaniuliza kwa Kiswahili. "Kwani mimi ni samaki sokoni?"

"Anataka akupige picha."

"Picha ya nini?"

Nikamuuliza Mista Wendell, akaeleza: alfajiri, pale mto Anacostia unapopita Bladensburg, kwenye matete, Akinyi amesimama na shashi nyeupe, kitambaa chepesi cha kuona upande wa pili, awe kama roho ya mto. Nikamgeuzia.

"Ati roho ya mto?" Akinyi akacheka mpaka mwavuli ukadondoka. "Mimi nimekulia kando ya ziwa. Maji haina roho. Iko na mbu."

Lakini akaja. Nadhani alifurahi, ingawa asingekubali kusema. Nani alikuwa amewahi kumtazama hivyo? Kazini kwake alikuwa akiitwa kwa kengele.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, baridi imeshaingia. Chini ya ile shashi alivaa sweta mbili na gambuti za mume wa jirani, kwa sababu alikataa katakata kuweka mguu kwenye tope lile. Mista Wendell alikuwa na kamera kubwa ya mbao, filamu yake moja ni kubwa kama sahani ya wali. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya shashi, nje kidogo ya picha, niipeperushe nikiambiwa. Achieng tulimwacha kwa jirani. Akinyi alikuwa akiongea mfululizo: juu ya shifti yake ya mchana, juu ya mzee mmoja kazini aliyemwita jina la marehemu mkewe, juu ya ndege mmoja mrefu aliyesimama kwenye matete akitutazama, "huyu ndiye roho ya mto, mpige yeye." Mista Wendell alikuwa akingoja. Aliingia chini ya kitambaa chake cheusi, akatoka, akangoja. Mwishowe Akinyi akachoka, akageuza uso upande wa maji, mabega yakashuka, akanyamaza. Ukungu ukapita. Ndipo mzee akapiga.

Picha ilitoka ya ajabu. Tuliipaka gundi mara tatu, bluu, kijivu, kisha kahawia ya mwisho, na mimi mwenyewe kwa brashi niliondoa gambuti. Ukiitazama huoni mahali mwili unapoishia na mto unapoanzia.

Ikapelekwa kwenye maonyesho mjini. Akinyi akaja na gauni lake la kijani la harusi za watu, kichwa amesuka upya, akasimama kando ya picha yake. Hakuna aliyemtambua. Mama mmoja wa Kizungu, mpole sana, akamsogelea akaanza kumweleza ile picha: kwamba huyo mwanamke ni huzuni ya mto, kwamba anaomboleza yote ambayo mto umeyaona.

Akinyi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapana, mama. Alikuwa anasikia baridi tu."

Tulicheka njia nzima ya kurudi. Karatasi ndogo chini ya picha ilikuwa imeandikwa *Roho ya Mto* na jina la mzee. Wakati ule sikuona kwamba kuna jina limekosekana, na sidhani Akinyi aliliona hilo, au kama aliliona alicheka nalo pia.

Mista Wendell alimpa Akinyi nakala, naye akaituma kwa mama yake Kisumu kwa mtu aliyekuwa akisafiri. Baada ya muda mama akapiga simu. Nilikuwa jikoni, simu imewekwa sauti ya juu. Mama akashukuru, akasema picha imefika salama na haijakunjwa, ni nzuri, majirani wameiona. Kisha akauliza, "Na yako wewe utaituma lini?"

Akinyi akacheka. Lakini kesho yake alikwenda na mimi kazini, akamwomba Mista Wendell ampige moja ya kawaida, ya uso. Mzee naye akacheka, bila ubaya wowote. "Ya pasipoti? Nenda duka la dawa pale kona, watakupiga kwa dakika moja. Mimi nakupa kile ambacho wao hawawezi."

Hakwenda duka la dawa. Nani anakwenda? Kuna shifti, kuna mtoto, kuna basi. Alirudi kusimama kwa ajili ya mzee mara nyingine kadhaa, chini ya miti ya maua wakati wa machipuko, kwenye theluji mara moja, kila mara amegeuka, ameinama, amefunikwa. Baadaye akahamia Upper Marlboro karibu na kazi mpya, nami nikabaki Bladensburg. Tulikuwa tukipigiana simu Jumapili.

Miaka ikapita kama inavyopita mtu akiwa na kazi. Watu wakaacha kutaka picha za gundi. Waliozitaka wakapata namna ya kuzitengeneza kwenye kompyuta. Macho ya Mista Wendell yakaanza kuziba katikati, akawa anaona pembeni tu, anakutazama kwa kugeuza kichwa kama kuku. Jengo likauzwa. Tulikuwa tunapakia vitu kwenye maboksi nilipopata habari kwamba Akinyi amefariki. Saratani. Alikuwa ameniambia ni vidonda vya tumbo.

Siku chache baadaye Achieng akaja pale kazini. Yule mtoto tuliyemwacha kwa jirani sasa alikuwa mwanafunzi katika chuo cha karibu, mrefu kama mama yake. Anaelewa Kiswahili chote, ila anajibu kwa Kiingereza, kama ninyi wengi. Alitaka picha ya mama yake kwa ajili ya ibada. Za simu alikuwa nazo za miaka ya mwisho, na mwaka wa mwisho ulimla uso wote. Simu za kabla ya hapo ziliharibika na vilivyomo. "Nataka yule aliyenilea," akasema. "Mama alisema ninyi mlimpiga sana."

Ni kweli, tulimpiga sana. Nikamtandazia meza nzima. Akazitazama moja moja, taratibu, kwa adabu. Akinyi amegeuka. Akinyi kwa mbali kwenye theluji. Akinyi nyuma ya matawi. Akazirudia tena kutoka mwanzo, na nikaona mikono yake inaanza kwenda haraka.

"Anti," akasema, "uso uko wapi?"

Nikamwambia tuziangalie negativu. Nilieleza hivi, nanyi mlijue maana ni la kazi: kama ulainisho ulifanywa kwenye karatasi, kwa gundi na brashi, basi negativu bado ina kila kitu, unaweza kuisafisha upya ikatoka kali. Lakini kama ulifanywa na lenzi, hakuna cha kurudisha. Mwanga uliingia umeshatawanyika. Na Mista Wendell alitumia lenzi. Niliziinua dirishani zote, Achieng amesimama begani kwangu. Hazikuwa na uso.

Mista Wendell alikuwa ameketi kwenye kiti chake katikati ya maboksi, anatusikiliza. Akasema, "Tazama zilizo katikati."

Sikuelewa. Akaeleza kwamba kabla ya kila picha ya kweli alikuwa akipiga moja ya kujaribu mwanga, kwa lenzi ya kawaida, kwa filamu iliyopita tarehe. Nyingi alizitupa. Nyingine alizitumia kutenganisha negativu nzuri zisikwaruzane ndani ya boksi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezishika miaka yote nikidhani ni taka zilizoungua.

Nyingi zilikuwa taka kweli. Moja haikuwa. Niliisafisha mchana ule ule, kwenye karatasi ya kawaida, bila gundi, bila brashi, kwa trei zilizobaki. Achieng alisimama karibu nami chini ya taa nyekundu ya chumba cha giza. Kwanza yakaja matete. Kisha gambuti. Kisha yeye: shashi imetupwa begani kama taulo ya mtu anayetoka kuoga, sweta zimejikunja tumboni, mkono mmoja kiunoni, pua inang'aa kwa baridi, mdomo wazi, anaongea. Hata kovu dogo la nyusi lilikuwepo, nililokuwa nimelisahau.

Achieng akaweka mkono mdomoni.

Mista Wendell akaomba aione. Nikampa na lenzi ya mkononi, akaisogeza huku na huku pembeni ya jicho, muda mrefu, mpaka nikafikiri haoni. Kumbe alikuwa anaona.

"Alikuwa hapo," akasema. "Tatu, alikuwa hapo mbele yangu, mzima. Nikasubiri mpaka aondoke ndipo nikapiga picha."

Nikamwambia ile nyingine pia ni nzuri. Akasema anajua kwamba ni nzuri. Akaniomba nitafute kama zipo za wengine, wanawake wote wale wa miaka yote ile, wauguzi, wapishi, walimu wa Jumapili. Tulifungua maboksi siku kadhaa. Tulipata mabega mawili matatu na sikio la mtu. Zilizobaki alikuwa amezitupa. Baada ya ibada mzee hakuishi kufika mwaka uliofuata, na sikumsikia tena akicheka kazini, kwa kuwa kazini hakukuwepo tena.

Kwenye ibada ziliwekwa picha mbili. Ile kubwa ya mto ilikuwa mbele, kwenye fremu yake. Ndogo tuliiweka mezani karibu na kitabu cha kusaini. Watu walipita mbele ya ile kubwa kwa heshima, kisha wakafika kwenye ndogo wakasimama, na foleni ikakwama hapo. "Huyo sasa!" mama mmoja wa Kikenya akasema. "Ona vile ameshika kiuno, kama ananiuliza bakuli yake nitarudisha lini." Mista Wendell alikuwa ameketi kiti cha mwisho, kichwa amekigeuza upande, anasikiliza.

Watu walipopungua Achieng akaja kwangu nayo mkononi.

"Anti, alikuwa akisema nini hapa?"

Nikaishika. Naikumbuka baridi ya ile shashi vidoleni, nakumbuka mzee akiniambia nishushe mkono, nakumbuka yule ndege. Nikamwambia sikumbuki, mama yako alikuwa anaongea tangu tulipotoka nyumbani.

Akaisogeza karibu na macho. "Anasema 'wewe'," akasema, na safari hii alisema kwa Kiswahili. "Tazama midomo. 'Wewe!' Hivyo ndivyo alivyoanza kila kitu. Wewe, viatu vyako. Wewe, umekula?"

Nikatazama. Ilikuwa kweli, midomo imechongoka hivyo hivyo.

"Na mzee asingemwambia wewe," Achieng akaendelea, polepole, anatafuta maneno. "Mzee alikuwa anamheshimu. Na haangalii kamera, anaangalia huku, pembeni. Nani alikuwa huku?"

Pembeni nilikuwa mimi, nimeshika ncha ya kitambaa.

"Alikuwa anakuambia kitu, Anti. Alikuambia nini?"

Akasubiri, labda ningekumbuka. Na mimi nasubiri bado.